Mama Alizikwa Kaka Hajafika

Mama alikata roho alfajiri, nyumbani kwetu Bububu. Jirani yetu, Bi Mkubwa, ambaye nyumba yake na yetu zimetenganishwa na ukuta tu, alisikia kilio changu akaja na ndoo na kanga mpya. Jua lilipopanda, wanawe na wanaume wa mtaa walikuwa wameshachimba kaburi kwenye makaburi yetu ya Wakristo. Hawakuniuliza. Kwao Waislamu, maiti hacheleweshwi, na walitufanyia sisi kama wanavyofanyiana wenyewe.

Lakini mimi nilikuwa nimempigia simu kaka, aliyekuwa Sumbawanga, nami namngoja. Baba alipofariki, kaka alitaka kumhamishia Mama bara. Mama akakataa kuiacha Unguja, na kaka akamtolea maneno ambayo mama haambiwi. Tangu hapo kaka akawa kimya. Nilitaka auone uso wa Mama, hata ukiwa umefumba macho, amwombe radhi. Nikaagiza Mama apelekwe mochwari.

"Maiti haekwi, mwanangu," Bi Mkubwa aliniambia. "Mwache akapumzike."

"Nnamngoja kaka, Bi. Mama alikuwa akitaka kumwona."

"Alokuwa akitaka kumwona keshaondoka."

Maneno yale yaliniuma kwa sababu yalikuwa ya kweli, nami nikamnunia mama wa watu mchana kutwa. Usiku ikanyesha mvua, kuta za kaburi zikaporomoka. Asubuhi wanaume wale wale wakarudi na majembe wakachimba upya, na hakuna aliyenung'unika mbele yangu.

Kaka alifika Dar es Salaam, akanipigia simu kutoka bandarini. Alikuwa analia. Akasema hawezi kupanda boti, hana uso wa kumtazama Mama. Nikakata simu. Tukazika.

Kanisani mimi ni msomaji wa Neno, na kwenye matanga nilisoma habari za Martha, aliyemwendea Bwana njiani na kumlalamikia kwamba amechelewa, ndugu yake keshakufa. Nampenda Martha. Hakujifanya mpole. Ila kwao ndugu alifufuka, na kwetu Mama yumo udongoni. Nilimwambia Mungu hivyo hivyo, kwa hasira.

Wiki iliyofuata kaka akaja. Nilimwendea barabarani, maneno nimeshayapanga. Bi Mkubwa, aliyekuwa amenifuata nyuma, akaniwahi.

"Pole, baba," akamwambia. "Mama yako tumemsitiri vizuri. Njoo nkuoneshe."

Akamshika mkono, tukaenda sote mpaka makaburini. Yeye akabaki nje ya lango. Kaka akapiga magoti kaburini.

"Mama alinisamehe?" akauliza.

Ningeweza kudanganya. "Hakusema," nikamjibu.

Akainuka, akapangusa udongo magotini. "Na wewe?"

Nikamwambia twende nyumbani, Bi Mkubwa atatupikia uji. Tukaunywa. Alilala kwangu, kesho yake akaondoka, na sasa hunipigia kila Jumapili baada ya ibada tukaulizana hali. Hajauliza tena lile swali. Sala ya Bwana naisali kila siku tangu utotoni. Nikifika pale pa kuwasamehe waliotukosea, midomo inaendelea, mimi nabaki nyuma.