Kranki Iliyosuguliwa kwa Mchanga

Mama mmoja wa shirika letu la kanisa alikuwa amepiga magoti uani kwetu, mikono imejaa majivu, ananitabasamia. Akaniita nijionee. "Ona, mutoto, venye inangaa! Hata uso unajiona ndani." Kilichokuwa kinang'aa mbele yake, juu ya mkeka, pamoja na sahani na sufuria zilizoanikwa juani, ni kranki ya lori la baba yangu.

Nieleze, maana wengine mtasema huyu anapigia kelele kipande cha chuma. Kranki ni ule mti mzito unaozunguka tumboni mwa injini na kuzungusha gari zima. Shingo zake, pale beringi zinapokaa, lazima ziwe laini kama yai. Mkwaruzo ukizama hapo, injini itagonga mpaka ijiue. Na kranki ya lori la aina ile haipatikani tena Kalemie. Nimeitafuta mimi, wameitafuta watu wa Kigoma kwa ajili yangu, hakuna.

Baba alikuwa akipakia mahindi na mihogo kutoka Nyunzu. Vita vilipoifunga ile njia, na kila mwenye bunduki akawa anajichukulia gari, aliifungua injini na gia boksi, akaviingiza vyote katika stoo nyuma ya jiko. Bodi akaiacha uani, kuku wakalala humo. Mwenye bunduki alikuja kweli. Akafungua boneti, akakuta shimo, akatukana, akaenda zake. Baba alicheka siku nzima.

Na kuweka vitu alijua. Hewa ya ziwa haina huruma na chuma kilicho uchi. Kranki aliisimamisha wima, akaifunga kwenye nguzo, kwa sababu ukiiegemeza ukutani miaka na miaka inapinda. Kila pistoni aliiviringisha kitambaa chenye grisi. Gia boksi aliijaza oili mpaka mdomoni na kuziba matundu yote kwa mbao. Kila mvua zilipokwisha tulifungua, tukapangusa, tukapaka upya, yeye akihema na kunifokea kama fundi yeyote. Alipofariki niliendelea peke yangu. Wajomba walitaka vile vyuma viuzwe kwa kilo, nikawakatalia machoni. Mimi mwenyewe ni fundi, natengeneza moteri za mitumbwi bandarini. Lori lile litarudi Nyunzu na mimi nitakuwa kwenye usukani. Hiyo ndiyo ndoto yangu, na habari ya kuolewa ilikuja nyuma yake.

Siku ile wakwe walikuwa waje, watu wa kaskazini ya ziwa, wachuuzi wa ndagala, hao dagaa wa ziwani. Kwetu wakwe wakija, mama wa shirika wanaingia nyumbani tangu asubuhi na kusugua kila kitu kwa majivu na mchanga wa ziwa, hata mfuniko wa choo. Binti anaondolewa. Mimi nilipelekwa kwa shangazi kusukwa nywele. Nikaketi pale kichwa kimeinamishwa, mjinga mimi, huku stoo yangu ikifunguliwa.

"Nani amefungua stoo?" nilipiga kelele.

"Njo mimi," Mama yangu akajibu, hata hakugeuka.

Gia boksi ilikuwa imepinduliwa chini ya mpapai. Oili ilikuwa imemwagwa yote, udongo mweusi, na kwenye meno ya gia kulikuwa kunadondoka maji. Maji!

"Muliosha na maji?"

"Na sabuni pia," akasema yule mama wa shirika kwa fahari.

"Mumeua kamio, lori ya Papa!"

"Kamio ilikufa zamani," Mama akasema.

"Haikukufa! Ilikuwa inalala!"

"Wakwe wanafika saa munane, na wewe unapiga kelele juu ya vyuma. Wanifikirie namna gani, mutoto muke ananuka grisi?"

Nikabeba kranki hadi stoo. Nikaipangusa, nikapitisha ukucha polepole kwenye shingo ya kwanza. Ukapita. Ya pili ukapita. Ya tatu ukanasa. Nikarudia, nikabadili kidole, ukanasa tena palepale. Nikakaa chini na nguo yangu mpya na kulia kwa hasira, kamasi na yote.

Mama alikuja akasimama mlangoni. Alikuwa ameshika kitambaa kimoja cha baba cha kufungia pistoni, kimeoza, na kola ikaonekana. Ilikuwa shati.

"Nilikuta shati zake zinaozea huku," akasema. "Sikutaka wakwe wakute kitu chake kichafu."

Mtu mwenye moyo mwema angelainika. Mimi nilizidi kuwaka, kwa sababu sasa sikuwa na mtu wa kumtupia ile hasira. Nikachota grisi na kuanza kupaka.

Waliponiita sebuleni nilikuwa mweusi mpaka viwiko. Wakwe walikuwa wameketi, soda mkononi. Mjomba akauliza kama desturi inavyotaka: "Hawa wageni, unawajua? Tupokee vitu vyao?"

"Mupokee," nikasema. "Lakini sitoki hapa mpaka kranki ya Papa ichongwe Lubumbashi na irudi."

Msemaji wao alicheka akidhani ni mizaha ya posa. Mchumba wangu aliinamisha kichwa, yeye ananifahamu. Mama hakucheka.

Kranki ilipanda treni, na treni yetu mnaijua. Bado haijarudi. Mchumba hupita kuuliza habari zake kama mtu anayeuliza hali ya mgonjwa, na mimi nimekausha gia boksi, nimeijaza upya, nimeziba.

Juzi nilikuwa nafunga pistoni na vitambaa vikaniishia. Mama akaingia na kitenge chake cha zamani, kile alichopigia picha na baba, amekwisha kukichana vipande. Akaketi, akachovya kimoja katika grisi.

"Bado umekasirika?" akauliza.

"Ndiyo, Mama."

Akachukua pistoni nyingine.