Kinga ya Polo Iliyovalishwa Ngozi ya Ng'ombe

Enzi zetu kule Masisi, kinga, ndivyo tulivyoita baiskeli, haikununuliwa. Ilikusanywa. Ninyi mliozaliwa miaka ile mnanielewa. Wajukuu wangu wanadhani naongea juu ya kuni.

Ilikuwa miaka ya hamsini, upande wa Lushebere. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na moja hivi, na ugonjwa wangu ulikuwa kuhesabu. Mama akinituma kuhesabu kuku, nilihesabu mara mbili, kisha nikahesabu na wa jirani ili nijue tumewapita kwa wangapi.

Mwaka huo muzungu mmoja wa plantesheni, lile shamba kubwa la pareto, alirudi kutoka likizo na nyundo nane za mbao, mipini mirefu kama fimbo za wachunga ng'ombe. Akawafundisha makarani wake mchezo wa polo: wanne huku, wanne kule, wote juu ya kinga, wakigombania mpira mdogo uliochongwa katika mzizi wa mwanzi, mgumu kama goti la mbuzi. Wakubwa walitazama nani anaanguka. Sisi watoto tulitazama kinga zenyewe. Kwa nini gidoni, yaani usukani, wameukata mfupi? Kwa nini kiti kimeshushwa? Kwa nini freni, ile breki, imehamishiwa mkono wa kushoto? Nililala tumboni kwenye majani mpaka nikapata jibu: mkono wa kuume una nyundo, hauna nafasi ya kusimamisha kitu. Na gurudumu la mbele lilifunikwa bati upande wa kuume, ili nyundo isiingie katika rayo, zile njiti za chuma. Nyundo ikiingia humo, mtu anaruka kabla ya kinga kujua.

Kisha karani mmoja akahamishiwa Walikale, wakabaki saba. Papa Simeoni, fundi wa plantesheni na ndiye aliyechagua wachezaji, akatangaza kwamba kijana atakayeleta kinga iliyopangwa vizuri kufika Jumamosi atachukua nafasi ya nane. Kaka yangu Bauma, aliyekausha pareto pale pale, aliitaka nafasi ile hata akaacha viazi kwenye sahani. Mama alipoona hivyo akajua ni jambo la kweli.

Bauma alipewa kadre, yaani kiunzi cha kinga, yenye kutu katika takataka za plantesheni, na gurudumu la nyuma. La mbele nililitafuta mimi. Kulikuwa na mchuuzi aliyepandisha mawese kutoka Walikale, kinga yake imevunjika uma, chuma kinachoshika gurudumu la mbele, karibu na soko letu. Alitaka majogoo wawili. Nilimwambia gurudumu bila kinga ni duara tu, na duara ziko nyingi. Tuliachana kwa jogoo mmoja na mayai sita. Rayo thelathini na mbili. Nilizihesabu mbele yake, kisha tena akiwa ameondoka.

Gidoni tuliukata kwa msumeno wa kuazima. Freni tuliihamisha. Tulipokosa bati, Bauma akasema, "Tuko watoto wa nani sisi?" Papa yetu alitengeneza ngoma za kuitia watu katekisimu, na nyuma ya nyumba vipande vya ngozi vilikuwako siku zote. Tulijua kazi hiyo tangu tumboni: ngozi inalowekwa, inavalishwa ikiwa laini, inavutwa mpaka jasho litoke, inaachwa juani. Alhamisi tukalivalisha gurudumu ngozi vile vile, tukaifunga kwenye rayo kwa kamba za ngozi. Ilikaa kama shati jipya. Tulijisifu sana.

Ijumaa jua liliwaka, jambo ambalo Masisi halifanyi mara nyingi. Mchana tukakuta gurudumu limekunjika kama kofia iliyokaliwa. Ngozi ilikauka, ikavuta, na rayo zikafuata. Bauma aliketi chini akashika kichwa. Nafasi ya nane ilikuwa imekwenda.

Papa akaja, akalizunguka lile gurudumu bila haraka.

"Mulikuwa munatengeneza kinga ao ngoma?"

"Papa, wewe njo ulitufundisha ngozi inavalishwa na maji," Bauma akasema.

"Nilisema juu ya muti. Muti iko na kichwa nguvu, haikubali kuvutwa. Hii vyuma iko nyembamba kama mikono yako."

Akaondoka akicheka. Mimi nilibaki nikijiuliza: kama kukauka ndiko kulikokunja, maji yatafanya nini? Tukalitia gurudumu mtoni, mawe juu yake. Ngozi ikalegea, tukazikata kamba, tukakaza rayo moja moja. Lilirudi, lakini si lote. Ngozi tukaikausha usiku kando ya moto, tukaifunga tena, safari hii kavu. Gurudumu lilipozunguka, liligusa uma mahali pamoja, likalia: kwi.

Jumamosi Papa Simeoni aliinua kinga yetu, akazungusha, akasikiliza. Kwi. Kwi.

"Hapana, Bauma. Ukikimbia na hii utaacha meno kwa kiwanja."

Macho ya kaka yalijaa maji, naye alikuwa na miaka kumi na sita. Sikuvumilia.

"Papa Simeoni, mwenye kulinda goli anakimbia kwenda wapi?"

"Hakimbii. Anasimama."

"Sasa hii kinga, ikiwa imesimama, inalia?"

Makarani wakaangua kicheko. "Huyu mutoto atauzisha hata mvua kwa Masisi!" akasema mmoja. Papa Simeoni alijikuna shavu.

"Nusu ya muchezo."

"Yote."

"Nusu, nimesema."

"Basi nusu. Lakini kama goli haijaingia, anaendelea."

Akanitazama kama mchuuzi wa mawese alivyonitazama. "Bon."

Bauma aliisimamisha kinga kwa kuikingamisha golini, ngozi ikitazama uwanja, mguu mmoja chini. Mpira wa kwanza uligonga ngozi: du! Watu wakageuka. Wa pili: du! Bati la wengine lilipiga kelele ya sufuria. Ngozi yetu ilikuwa na sauti nene, ya kuitia watu. Nusu ya kwanza ilikwisha bila goli, akaendelea, akafungwa moja tu, na alilinda goli lile mpaka mvua kubwa ilipogeuza kiwanja kuwa matope. Papa yetu alisimama pembeni mikono nyuma. Mpira wa tano ulipogonga, aliinamisha sikio.

"Mumeivuta sawasawa," akasema. Papa hakuwa mtu wa kusifu ngoma ya mtu mwingine.

Leo kiwanja kile kina mahema ya watu waliokimbia vijiji vyao. Wajukuu wangu wa mjini, kitu kikiharibika, wanauliza kinauzwa wapi kingine, na simu inawajibu kabla hawajafikiri. Siwalaumu, kama ningepewa simu ile, nisingelala tumboni kwenye majani. Lakini siku moja nilipita pale Lushebere nikaona mtoto akishuka kilima na chukudu, ule mkokoteni wa mbao wa magurudumu mawili, amelivalisha gurudumu kipande cha tairi. Nikamsimamisha, nikaipindua chukudu, magurudumu juu.

"Koko, bibi yangu, unataka kuinunua?"

"Hapana, mutoto wangu. Tairi uliikaza na nini?"

Akachuchumaa kando yangu, akaanza kunionyesha.