Viti Viwili vya Tata Wawira

Viti vya plastiki vikishapangwa kimoja juu ya kingine, haviachani hivi hivi. Lazima uvute kwa nguvu, na vikiachana hulia kama buti linalochomolewa matopeni. Hata leo, nikiisikia sauti hiyo kwenye sherehe, macho yangu humtafuta Tata Wawira, dada ya mama.

Tata alikuwa mnene, tena mnene hasa. Kwetu Kianjokoma ndiye aliyeitwa kuponda viazi na mahindi ya mukimo wa kila harusi, akiisukuma ile sufuria kubwa kwa mwiko huku akiimba nyimbo za kanisani. Lakini chakula kikishaiva na watu wameketi, yeye alisimama kando na kikombe chake cha chai. Ukimwuliza, alijibu, "Mimi nikikaa tu, usingizi huo." Basi jibu hilo likanisumbua, maana nilikuwa mtoto wa kuchunguza mambo. Jikoni kwake aliketi kwenye benchi la mbao akimenya ndizi, na sikuwahi kumwona akisinzia.

Kulikuwa na jambo jingine. Vijana wa kupanga viti wakimletea kiti, walimletea viwili vilivyopachikwa pamoja. Nikaamua moyoni kwamba Tata ni mheshimiwa. Sisi wengine kimoja, yeye viwili, na kwa unyenyekevu wake alivikataa. Nilijivunia sana kuwa mtoto wa dada yake.

Ikafika siku ya mahari ya binti yake, Muthoni. Desturi ilikuwa mama wa msichana aketi mbele ya wote, kisha mama wa mvulana amfunike blanketi mabegani. Tata aliingoja siku hiyo kuliko Muthoni mwenyewe, na nguo ya kuvaa alikuwa ameshaishona zamani.

Kijana akaja na viti viwili, kama kawaida. Sauti ikatoka nyuma ya hema: "Ongeza cha tatu, hiyo ni lori." Watu wakacheka, hata wajomba zangu. Tata akatabasamu kama mtu anayeomba radhi.

"Nifunikeni tu hivi," akasema. "Nimezoea kusimama."

Mimi sikuelewa kicheko kile kilikuwa cha nini. Nikauliza kwa sauti, kwa sababu nilitaka kujua: "Na mama ya bwana harusi, mbona hajapewa viwili? Si yeye pia ni wa heshima?"

Mama akanifinya paja. Yule mama wa mvulana, mwanamke mwembamba aliyetoka Nkubu, akanitazama, kisha akamtazama Tata.

"Mtoto ameuliza vizuri," akasema. "Nami nileteeni viwili."

Akaletewa, akaketi, akavipigapiga kwa kiganja vile vya kando yake. Tata akasita. Halafu akaja, akaketi taratibu, na blanketi likatua mabegani mwake.

Nilikuwa nimekaa kwenye nyasi, miguuni pao, nikichunguza. Miguu ya viti haikuzama udongoni hata kidogo. Ila mashavu ya miguu ya Tata yalikuwa yakitetemeka chini ya nguo, wakati wa maombi na wakati wa hotuba. Nikadhani ni furaha. Jioni nikamwambia, "Tata, leo umeketi na hukulala." Akacheka, akanipakulia mukimo.

Nilipokua mama alinieleza kwamba zamani kiti kilimvunjikia Tata kanisani, na waumini wakacheka mpaka mhubiri akanyamaza kuwangoja. Nikamhurumia, nikadhani nimemaliza kuelewa.

Juzi, kwenye harusi, nikapewa kiti chenye ufa. Nikakikalia kwa woga, uzito wote nimeuweka miguuni, na kabla ya ombi la kwanza kufika amina mapaja yalikuwa yananiwaka moto na mashavu ya miguu yanatetemeka. Nikaikumbuka miguu ya Tata. Siku ile ya heshima yake, tangu blanketi hadi hotuba ya mjomba wa mwisho, hakuwa ameviachia vile viti mwili wake. Alikuwa amejibeba mwenyewe.