Kodi Usiyoweza Kuitamka Mwenyewe

Nakumbuka asubuhi moja pale Mpemba, karibu na Tunduma, nikiwa kijana niliyeoa karibuni, pikipiki ya Jofrei ilipozimika mbele ya nyumba tuliyopanga. Jofrei ndiye aliyemkusanyia mwenye nyumba kodi. Siku hizi mnamwita msimamizi, na wengine wana ofisi na muhuri. Kazi ni ile ile.

Mwanangu uliyejenga nyumba ya kupangisha, kabla sijaendelea nikwambie ukweli: naandika haya nikiwa na hasira. Namshukuru Mungu aliyenipa miaka ya kutosha kujifunza kunyamaza, na Neno lake limenifundisha kusubiri. Lakini juzi nimesikia kwamba mmoja wenu, kijana niliyemfundisha kipaimara mimi mwenyewe, amenunua nyumba hapa Tunduma. Anaishi mbali. Wapangaji wake wamepandishiwa kodi kwa ujumbe wa simu kutoka kwa msimamizi, na yeye hajawahi kuwaona hata sura. Kwa hilo sinyamazi.

Sasa sikia habari ya Mama Salome. Alikuwa jirani yetu katika ile nyumba ya Mpemba, mjane mwenye watoto watatu, akipika maandazi na kuwauzia madereva wa malori waliokwama kwenye foleni ya mpakani. Madereva wa Zambia walimwita Bamayo, kwa heshima, kama mtu anavyomwita mama yake, nasi tukalichukua jina hilo. Alipohamia, upande wake ulikuwa pagale: kuta, bati, na tope chini. Mwenye nyumba, mnunuzi wa mahindi huko Mlowo, alimwambia akae kwa kodi ndogo, amalizie mwenyewe kadiri atakavyoweza. Hakuna kilichoandikwa. Ndivyo watu wengi walivyokuwa wakipatana hapa kwetu, na hadi leo wapo wanaopatana hivyo.

Basi akamalizia. Alinunua simenti mfuko mmoja mmoja, kila maandazi yalipouzika vizuri. Akapiga sakafu, akaweka milango na madirisha, akachimbisha choo ambacho wapangaji wote tulikitumia, na mimi na mke wangu tukiwamo. Huyo ndiye mtu ambaye Jofrei alimjia asubuhi hiyo.

Alizunguka nyumba, akagonga mlango kwa vidole kuupima uimara wake, akachungulia ndani.

"Bamayo, nyumba imependeza," akasema. "Hili siyo pagale tena. Muda uliolipia ukiisha, kodi ni mara mbili. Ukiona nzito, wapo wanaoitafuta."

"Imependeza yenyewe?" Mama Salome akamuuliza. "Imeota hiyo sakafu, kama uyoga?"

"Mimi natumwa tu, mama. Nyumba siyo yangu."

"Mwambie aliyekutuma aje achukue sakafu yake, ile ya tope. Na wewe utafute kiatu chako humo humo, si kilizama siku ile ya kwanza ulipokuja?"

Tulicheka, na Jofrei naye akacheka. Lakini alipoondoka nilimwona yule mama akirudi kukanda unga wake, huku akiitazama milango yake. Akitoka pale, nani angemrudishia milango? Nani angembebea choo? Angeanza upya katika pagale jingine, na watoto wakiwa wamelala chini.

Nikajitolea kumsindikiza Mlowo. Tulimkuta mwenye nyumba kando ya mzani wake, magunia yakipakiwa kwenye lori. Mama Salome alimweleza yote kwa upole. Yule bwana hakuinua hata macho.

"Hayo nimemwachia Jofrei," alisema. "Kaongeeni naye. Mimi siingilii kazi yake."

Umeona, mwanangu? Jofrei ametumwa tu, na aliyemtuma haingilii. Mama wa watu anafukuzwa, na hakuna anayemfukuza! Nikafungua mdomo nitukane. Mungu alinihurumia, mtu mwingine akawahi kusema.

Alikuwa mzee mmoja aliyekaa juu ya magunia akisubiri mahindi yake yapimwe. Kumbe ni baba mkubwa wa yule bwana, mkulima wa Isansa, mzee wa kanisa kama nilivyo mimi leo.

"Wewe," akamwita mwenye nyumba, "siku huyu mama anaingia ulimwambia nini?"

"Nilimwambia akae amalizie, baba."

"Amemaliza?"

"Amemaliza."

"Sasa unamtoza kwa kosa gani? La kumaliza?"

"Siyo mimi, baba. Ni Jofrei aliyepanga bei."

"Ukimpiga mtu kofi, huwa unasema ni mkono ndio uliompiga?" Mzee akashuka kwenye magunia taratibu, akajikung'uta vumbi. "Funga mzani. Tunakwenda Mpemba, ukamwambie hiyo kodi kwa kinywa chako, ukiwa umesimama ndani ya nyumba yenyewe."

Mahindi yake mwenyewe hayakuwa yamepimwa bado, lakini hakuyajali. Tulipanda gari moja wote wanne. Tulipofika, yule bwana alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, maana sakafu ilikuwa imesuguliwa iking'aa. Binti mdogo wa Mama Salome akamletea kiti. Akakaa, akatazama kuta, akatazama madirisha.

"Haya, sema," baba yake mkubwa akamwambia.

Hakuweza. Alifuta uso kwa kiganja, kisha akasema, "Mama, kaa. Kodi ni ile ile, mpaka gharama zako zirudi. Nilikuwa sijaiona."

Sijaiona! Nyumba yake mwenyewe, umbali wa safari fupi tu ya gari, na alikuwa tayari kumtoa mtu bila kwenda kutazama.

Mwanangu, sikukatazi kupandisha kodi. Bati hupanda bei, ukarabati una gharama, na nyumba ni jasho lako. Lakini kabla hujaongeza, nenda. Bisha hodi, kaa, uliza ni nini mpangaji wako amekiweka humo, na kama amekiweka yeye, usimuuzie kilicho chake. Ukikuta ongezeko ni la haki, liseme mwenyewe mapema, ili mtu apate muda wa kujipanga. Msimamizi umwajiri ili akukusanyie kodi na kukuita bomba likipasuka. Usimpe fungu katika nyongeza, maana atakutafutia nyongeza hata pasipo na haki. Na akikosea, usijifiche nyuma yake. Mungu aliwakumbusha Waisraeli wasimwonee mgeni, kwa kuwa nao walikuwa wageni Misri. Nawe ulipanga kabla hujajenga. Siku ya hesabu hutaulizwa jina la msimamizi wako.

Bwana akubariki katika kila ulichokijenga na ulichokinunua. Akupe wapangaji waaminifu, nao awape mwenye nyumba mwenye masikio. Watoto wao wakikuona njiani wakukimbilie kukuamkia, na chakula utakachonunua kwa kodi yao kikae tumboni mwako kwa amani. Amina.