Chakula Kilichonisubiri

Mashine za kuchuma chai zilipoingia shambani mwetu, kule upande wa Boito, niliachishwa kazi ya kuchuma, tuliyolipwa kwa kilo za majani, nikiwa na miaka hamsini na moja. Watu walinipa pole kama mfiwa. Kilichoniuma kuliko kukosa mshahara ni kujiona sifai kitu. Kanisani nilihamia benchi la nyuma, na mtu akinipigia hodi nyumbani, nilimwacha abishe hadi achoke.

Jirani akanitafutia kibarua cha kufua kwa mama mmoja Mkorea, ambaye mumewe alikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha chai. Siku ya kwanza, kabla hata ya kunionyesha beseni, aliniuliza, "Wewe miaka ngapi?" Nilikasirika. Nilidhani anapima kama bado nina nguvu. Nilipomwambia, akajigusa kifua. "Mimi arobaini na tisa. Basi wewe dada mkubwa." Toka hapo akaniita dada, na kila alichonipa alinipa kwa mikono miwili.

Mwezi uliofuata alialika wanawake wawili wa kwao, wadogo kuliko yeye, akakataa kabisa nile jikoni. Nikakaa mezani, kwenye ncha ya kiti. Wali ulikuwa ukifuka mvuke, supu nayo inanukia. Kwetu Kisii nilifundishwa kumwachia mgeni aanze, na mimi mfua nguo nisingethubutu kuwatangulia. Nikatulia, mikono mapajani. Nao wakatulia. Nikatabasamu, wakatabasamu. Njaa ilikuwa inaniuma na supu inapoa, nikajiambia labda wanaomba kimoyomoyo.

Mwishowe mwenyeji wangu akaninong'oneza, "Dada, anza. Kwetu mkubwa hajala, sisi hatuwezi kula."

Nilichukua kijiko, nikaonja supu. Nilipomeza tu, wote wakainamia bakuli zao. Machozi yalinitoka, nikasingizia pilipili, na kweli pilipili ilikuwepo. Wanawake watatu walikuwa wameacha chakula kipoe kwa ajili yangu, na hakuna aliyekuwa amepima kilo zangu za majani kwanza.

Jioni nyumbani, binti yangu ninayeishi naye alisonga ugali, akaanza kuwapakulia wanawe. Mimi hula mwisho, nikikwangua sufuria, ndivyo nilivyowazoesha. Nikamwambia, "Leo nipakulie kwanza."

Akasimama na mwiko mkononi. "Mama, kwani uko mgonjwa?"

"Hapana," nikasema. "Mimi ndiye mkubwa hapa."