Mwalimu Ngoyi na Kitabu cha Hesabu

Sifa zimwendee Mungu, aliyenipa siku nyingi kuliko nilizomwomba na kuniachia kumbukumbu zikiwa bado na harufu yake. Harufu ninayoanza nayo ni ya chaki iliyolowa. Darasa letu kule mtaani Katuba lilijengwa kwa matofali ya udongo wa kichuguu, na miezi ya mvua kuta zilinyonya maji mpaka chaki ikawa inavunjika bila sauti. Harufu hiyo ilichanganyika na moshi wa makala, yaani makaa, na vitumbua vya Mama Anto, aliyekaanga nyuma ya ua wa shule. Mama Anto, aliyeitwa hivyo kwa jina lake mwenyewe, alikuwa mke wa Mwalimu Ngoyi, na Mwalimu Ngoyi ndiye aliyetufundisha Kiingereza mwaka nilipokuwa na miaka kumi na minne.

Wazazi wake walitoka mkoa wa Kasai, lakini Kiingereza alikipata ujanani, alipofanya kazi upande wa Zambia. Aliingia darasani polepole, akiwa na koti lake la kahawia, akigusa dawati la kwanza kwa ncha za vidole kama anayelibariki. Hakukusanya madaftari yetu kamwe. Kila mmoja alisimama na kusoma sentensi zake kwa sauti, naye akasahihisha kwa kusikiliza, uso ameuelekeza dirishani. Tulidhani huo ni ukali wake tu. Siku moja Kasongo, mcheshi wetu, ambaye hakuwa ameandika lolote, alisimama na daftari tupu akaanza kubuni sentensi. Mwalimu alimwacha afike ya sita, kisha akasema, "Kasongo, geuza ukurasa basi. Tangu uanze, karatasi haijalia hata mara moja." Tulicheka mpaka darasa la jirani wakagonga ukuta.

Msimu ule tulikuwa tunajifunza namna ambazo kitenzi cha Kiingereza hugeuka: mara kinasimama na *to* mbele yake, mara kinavaa *-ing* na kukaa kama jina la kitu, mara kinageuka sifa ya kitu kingine. Sisi tunasema "nataka kuimba" na "nafurahia kuimba", na neno ni lile lile. Mwingereza husema *I want to sing*, halafu *I enjoy singing*, wala hakupi sababu. Mwalimu hakutupa sababu pia. Alitufanya tuzirudie sentensi hizo hadi masikio yetu yenyewe yakaanza kukataa kosa. Kwa zile sifa alimwita Mama Anto mlangoni na sufuria mbili. "Hii ni *boiling water*," akasema, "inachemka sasa hivi, usiiguse. Hii ni *boiled water*, ilichemshwa jana, kunywa." Kasongo akauliza kama kuna namna ya kitumbua pia. Mama Anto akamjibu kwamba ipo, nayo inaitwa kulipa kwanza.

Mimi nilikuwa kiongozi wa darasa, na kazi yangu ilikuwa kumletea Mwalimu kitabu chake kutoka ofisini. Asubuhi moja ya mvua kubwa nilikimbia, nikachukua kitabu chenye jalada la buluu kama lake, nikamkabidhi. Alikifungua, akafunua kurasa mbili tatu, akatusomea zoezi lote la sentensi kumi bila kukwama. Nilikuwa bado nimesimama kando yake. Kwenye ukurasa ule niliona pembetatu na tarakimu. Kilikuwa kitabu cha hesabu. Nilirudi kukaa.

Wenzangu walipotoka aliniita. "Mado, buku ya leo iko mwepesi."

"Iko ya hesabu, Mwalimu. Nisamehe."

Alicheka kidogo. Akaniambia kwamba macho yake yalianza kufunga pazia miaka miwili iliyopita, na sasa aliona mwanga wa dirisha tu, akifundisha yale aliyoyashika kichwani. Hakuwa na mtoto wa kumtunza, na vitumbua peke yake visingetosha kulisha nyumba. Shule ikijua, atatolewa. "Sitaki udanganye bantu, hata mtu mmoja, sababu yangu," akasema. "Nataka tu unisomee."

Basi kila alasiri nilikwenda kwake. Nilisoma sura ya kesho, naye alirudia chini chini, akipigapiga goti kwa kidole. Mama Anto aliniwekea sahani pembeni. "Kula kwanza, mwana wangu, Kiingereza haikimbie." Usiku nilimwomba Mungu amrudishie macho. Asubuhi nilitazama kwanza vidole vyake: bado vilitafuta dawati.

Mvua zikaisha, baridi ikaingia, na tukaambiwa mkaguzi anakuja. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye miwani. Alikaa nyuma akasikiliza somo zima. Kila mmoja alisoma, hata Kasongo, ambaye safari hii aliandika kweli, na Mwalimu akanasa makosa yetu yote. Mwishoni mkaguzi alikuja mbele akitabasamu, akanyoosha mkono kumpongeza. Mkono ule ulibaki hewani. Mwalimu alikuwa anatabasamu kuelekea dirishani. Nilitaka kukohoa, nilitaka kudondosha kitu, lakini mwili ulikataa. Mkaguzi aliurudisha mkono wake taratibu, akauweka mfukoni.

Ilikuwa zamu yangu kumsindikiza mgeni hadi lango. Tukiwa njiani akasimama. "Binti, mwalimu yenu anaonaka?"

Nilikumbuka sahani ya Mama Anto. Nilimkumbuka pia baba yangu, katekista, mwalimu wa dini, aliyetufundisha kwamba ulimi ni mali ya Mungu. "Hapana, papa," nikamjibu kwa heshima. "Haone. Lakini anatusikia shiye bote, kila mmoja." Alinishika bega, akaenda.

Nilikimbia nyumbani kwa Mwalimu nikilia. "Mwalimu, aliniuliza. Nikasema kweli."

Akageuza uso kunielekea. "Ulisema kwa Kiingereza au kwa Kiswahili?"

"Kwa Kiswahili."

"Basi hakuna kosa la sarufi." Akatafuta kichwa changu kwa mkono wake, akakipata. "Ningekasirika kama ungedanganya. Umeleta buku?"

Nilikuwa nayo. Tukasoma.

Barua ya ukaguzi ilifika: Mwalimu amalize mwaka, kisha apumzike. Hatukumwacha. Mwaka uliofuata tulibeba viti kwenda uani kwake, na wazazi walilipa kwa unga, makala, au mafuta ya kukaangia. Hakutajirika, lakini hakulala njaa, na alifundisha hivyo mpaka Mungu alipomwita. Hata hivyo kwa miaka mingi nilijiuliza kama ningeweza kujibu vingine. Siku hizi sijiulizi tena. Namshukuru Mungu kwamba niliulizwa, kwa kuwa jibu lile ndilo lililotufikisha uani kwake.

Nami nikawa mwalimu wa Kiingereza. Leo mjukuu wangu anasoma chuo kikuu, kule Kasapa, na simu yake husahihisha sentensi kabla hajaimaliza. Ni kitu chema, sikisemi vibaya. Kinajua wapi pa kuweka *to* na wapi pa kuweka *-ing* kuliko nilivyojua mimi. Lakini akija Jumapili namwambia aiweke simu mezani, asimame, anisomee. Macho yangu, kwa neema, bado yanaona. Nayafumba kwa makusudi. Hapo ndipo nasikia kwamba hajalala vizuri, kwamba ana hofu ya mtihani, kwamba amekua.

Wewe uliyenisoma hadi hapa, Mungu akupe mtu wa kukusomea siku macho yako yatakapochoka. Na ukiulizwa neno zito ukiwa njiani, akupe ulimi wa kulijibu, na mlango utakaokufungukia baadaye.