Sukari Imesafiri

Sisi tuliolelewa Mayoni enzi ambazo miwa ilikuwa miwa, tuliamshwa na king'ora cha kiwanda, si simu. Kikilia mara ya kwanza, Baba alikuwa tayari ndani ya ovaroli yake. Kikilia mara ya pili, ole wako kama hujanawa miguu ya kwenda shule. Nadhani hata majogoo wa kwetu walingoja kiwanda kiwike kwanza, kwa heshima ya mwajiri, ndipo nao wafuate. Harufu ya molasi ilijaa kila mahali, kwenye nguo, kwenye nywele, hata ndani ya kanisa, na mgeni aliyeiziba pua tulimwona mtu asiye na malezi.

Trekta likipita na trela la miwa, tulilikimbiza kwa nyuma na kuchomoa muwa, kisha tukaumenya kwa meno. Meno yetu ndiyo yalikuwa mashine. Kijana wa leo anasimama pale steji ya Kakamega, anakamuliwa juisi ya miwa kwa injini, inatiwa tangawizi na ndimu, halafu anaipiga picha kabla ya kuinywa kwa mrija. Ukimpa muwa wenyewe aushike, atakuuliza unafunguliwa wapi.

Vijana hawa hawa, nikienda kazini asubuhi, naona wametengenezewa mabango kwenye kila nguzo ya stima: semina ya kubaki na fikra chanya mazingira yanapobadilika. Wanaenda ukumbini, wanafumba macho, wanavuta pumzi, wanaambiwa mabadiliko ni rafiki yao. Wakitoka hapo bando ikiisha, wana sura za watu waliofiwa. Siwacheki sana. Sisi pia tulikuwa na semina, ila yetu iliendeshwa na Mama, jikoni, na hakuna aliyeambiwa afumbe macho kwa sababu moshi ulikuwa umeshayafumba.

Semina ya Mama ilikuwa na sheria moja. Kwetu hakuna kitu kilichoruhusiwa kuisha. Chumvi haikuisha, unga haukuisha, mafuta ya koroboi hayakuisha. Vyote vilisafiri.

"Kitu ukikiambia kimeisha, kinakasirikanga," Mama alitufundisha. "Hakirudi. Lakini ukisema kimesafiri, kinajua bado kinangojwa."

Kwa hiyo mgeni alikaribishwa katika nyumba iliyozungukwa na miwa pande zote, akamiminiwa chai isiyo na sukari. "Sukari imesafiri," Mama alimwambia bila haya yoyote, kana kwamba sukari ilikuwa imeenda Mumias kusalimia jamaa. Mgeni alikunywa, akacheka, akasahau kwamba chai ilikuwa chungu. Nilijaribu falsafa hiyo shuleni siku moja mwalimu aliponiuliza penseli yangu iko wapi. Nilimwambia imesafiri. Naye alinipeleka safari fupi mbele ya darasa, nikarudi nikiwa na alama kwenye mashavu ya miguu.

Basi ikafika asubuhi ambayo king'ora hakikulia. Tulilala tukapitiliza, kijiji kizima. Watoto walifika shule jua likiwa limeshapanda, na mwalimu hakutuchapa kwa kuwa alikuja nyuma yetu. Wiki hiyo wakubwa walisema mashine zimeharibika. Baadaye wakasema kiwanda kitafunguliwa mwezi ujao, kisha wakaacha kusema. Mama alisema kiwanda kimesafiri. Baba alivaa ovaroli yake kila siku vilevile, akaketi barazani na kuitazama barabara.

Miwa yetu ilisimama shambani bila mkataji hadi ikatoa maua. Kwa mtu wa mjini hayo ni mandhari mazuri. Kwa mkulima wa miwa, maua hayo ni aibu, maana yake sukari imekauka ndani na hakuna atakayeinunua. Ndipo vitu vya nyumbani vikaanza kusafiri kwa pamoja. Baiskeli ya Baba ilisafiri. Ng'ombe wetu wa maziwa alisafiri akiwa amefungwa kamba, akavutwa na mwanamume tusiyemjua, na chai ikawa turungi. Viti vya sebuleni vilisafiri, vikaacha vile vitambaa vya kufuma ambavyo Mama alivikunja na kuviweka juu ya kabati. Mimi na mdogo wangu Makokha tulikuwa watoto lakini hatukuwa wajinga. Tuliona kwamba chumvi ilirudi, na unga mara nyingine ulirudi, ila ng'ombe hakurudi. Polepole neno lile likabadilika masikioni mwetu. Kusafiri kukawa ndiko kuisha kwenyewe.

Asubuhi moja tuliamka, Baba hayupo. Ovaroli ilikuwa inaning'inia msumarini. Mama alikuwa anakoroga uji, mgongo wake umetuelekea.

"Baba yenu amesafiri," alisema, kisha akabeba mtungi na kwenda kisimani.

Makokha aliweka kikombe chini. Alinitazama, nami nilikuwa nawaza ng'ombe ambaye hakurudi. Alitoka mbio akilia, mimi nyuma yake nikilia pia, hadi kwa jirani yetu Mama Rispa.

"Baba amesafiri," Makokha alimwambia, na kamasi zikamaliza sentensi.

Mtu mwingine angeuliza, amesafiri kwenda wapi? Lakini Mama Rispa alikuwa anakijua Kiswahili cha nyumba yetu. Ndiye aliyekuja kila mara kuomba chumvi kwa kusema yake imesafiri pia. Alituangalia sura, akaweka mikono kichwani na kupiga ukemi. Na kwetu ukemi haukai nyumba moja. Wa nyumba ya pili aliupokea, wa tatu akaupeleka mbele, na kabla uji haujapoa boma letu lilikuwa limejaa watu.

Sijawahi kuona watu wenye bidii kama waombolezaji wa Mayoni. Wanawake wa kanisa waliingia na wimbo. Wengine walileta unga wa mahindi, maharagwe na kuni. Wanaume walikuja na majembe mabegani, wakaanza kujadiliana kaburi lielekee wapi. Kuku wetu wa mwisho, ingokho aliyekuwa ametengewa mchungaji, alikamatwa na Mama Rispa mwenyewe, kwa machozi. Naye Mzee Shiundu, ambaye kwa miaka aligombana na Baba juu ya mkonge wa mpakani, alisimama na kusema kwamba marehemu alikuwa mtu wa watu, tena hakuwahi kukosana na jirani.

Hakuna aliyeuliza mwili uko wapi. Kila mtu aliamini mwenzake ameshauliza.

Mama akatokea na mtungi kichwani. Aliliona lile kundi, akaona majembe, akasikia wimbo. Baba alikuwa ameondoka alfajiri, kwa hiyo Mama alielewa jambo moja tu: ameanguka njiani, na watu wameleta habari. Mtungi ulidondoka, Mama akafuata. Alilia kilio ambacho sitaki kukisikia tena maishani, na waombolezaji, ambao sasa walikuwa wamepata uthibitisho kutoka kwa mjane mwenyewe, waliongeza sauti.

"Amefia wapi?" Mama aliuliza akiwa chini. "Niambieni amefia wapi."

Wimbo ulikatika. Mama Rispa alikuwa ameshika manyoya ya kuku.

"Si wewe ndio ulisema amesafili?" aliuliza.

"Nilisema amesafiri. Ameenda Kisumu kutafuta kibarua."

"Eh. Na kwenu kitu kikisafili si kimeisha?"

Mama aliinuka, akajifuta uso kwa kanga. Mtu wa kwanza kucheka alikuwa mmoja wa wale wenye majembe, na hakuweza kujizuia. Wengine walifuata. Mzee Shiundu hakucheka. Alikuwa ametumia maneno mazuri ambayo hayangeweza kurudishwa. Mama alitaka watu wachukue unga wao na maharagwe yao, wakakataa kabisa, kwa sababu chakula cha matanga hakirudi kilikotoka. Ukikibeba kurudi nacho, umebeba kifo kukipeleka kwako. Kuku alikuwa ameshakatwa. Ikabidi tule, tena tukala ugali, busuma ya kushiba, kitu ambacho hatukuwa tumefanya kwa muda mrefu.

Baada ya kula, jirani alipotuita tukanawe mikono, Mama alituzuia, akatukalisha mbele ya watu wote.

"Wanangu, kazi ya baba yenu iliisha," alisema. "Pesa iliisha. Ng'ombe hakusafiri, tulimuuza, na hatarudi. Baba yenu yuko hai, lakini kama atapata kazi, ama atarudi lini, mimi sijui. Hiyo ya kutojua ndiyo imenilemea."

Nilimpenda Mama siku ile kuliko siku zote za utani wake. Ilikuwa mara ya kwanza kuona kwamba naye aliogopa, na ajabu ni kwamba hofu yangu ilipungua.

Kisha akageuka, akalitazama shamba lenye maua, akasema na miwa imeisha. Hakuna mke aliyekuwa ameng'oa miwa ya mumewe kijijini kwetu bila ruhusa. Mzee Shiundu alianza kusema hivyo, lakini wenye majembe walikuwa wameshiba na hawakuwa na kaburi la kuchimba. Walianza na visiki vya karibu na nyumba. Msimu huo tulipanda viazi vitamu na maharagwe, na Mama akawa anauza sokoni Mayoni, akiwatania wateja vilevile kwamba chenji imesafiri.

Baba alirudi viazi vikiwa tayari. Alikuwa amekonda, mabega yamechubuka kwa kubeba magunia ya watu. Sokoni Mama Rispa alimgusa mkono kwanza kabla ya kumsalimia. Mzee Shiundu alimwambia, "Wewe, nilikusifu mbele ya watu, usinitie hasara," na baada ya siku chache ugomvi wa mkonge ukaendelea kama kawaida. Nyumbani Baba alisimama mbele ya shamba ambalo hakulitambua. Mama alisimama kando yake, akiwa amejiandaa kwa ugomvi.

"Miwa iliisha," alimwambia.

Baba aliinama, akagusa jani la kiazi. Kisha akavua koti. "Haya," alisema, "nionyeshe viazi."

Siku hizi mambo ni laini zaidi. Kijana akipoteza kazi, anaandika kwenye simu kwamba ameanza ukurasa mpya, na watu wanamtumia mioyo myekundu. Mioyo hiyo haichemshiki. Enzi zetu ulilia mara moja, tena kwa makosa, na ukapata unga, kuni na watu wa kukulimia.

Juzi hapa ninapopanga, mjini Kakamega, niliona godoro likishushwa ngazi. Lilikuwa la kijana wa mlango wa pili, mwenye adabu, ambaye kila asubuhi aliniambia, "Niko fiti, shangazi." Nilimuuliza anahamia wapi. Akasema anarudi kwao Butere, kazi ilimwishia muda mrefu na kodi imemshinda.

"Na mbona hukusema?"

"Sikutaka kuletea watu vaibu mbaya, shangazi."

Ukuta kati yake na mimi ni wa tofali moja. Kila siku nilisikia simu yake ikimhimiza awe na furaha. Kulia kwake sikuwahi kukusikia.